Uso wa Nani, Nchi ya Nani: Kusoma Michoro ya Ukutani ya Waaborijini wa Australia

Katikati ya Shepparton, mji wa matunda na maziwa ulioko kilomita 190 hivi kaskazini mwa Melbourne, kuna nyuso mbili za wanaume zilizojaza ukuta mzima. Ni William Cooper na Doug Nicholls, waliochorwa mwaka 2017 na msanii wa Melbourne anayejiita Adnate. Wageni wengi husimama, hupiga picha, kisha hao wakaenda zao. Ukiwauliza jioni wameona nini, watakwambia: wazee wa Kiaborijini. Hawajakosea, lakini ni kama mtu aliyefika Bagamoyo, akaiona Ngome Kongwe, akarudi nyumbani kusema ameona nyumba ya mawe.

Michoro ya aina hii humdanganya mtazamaji kwa wepesi wake. Uso ni uso, kila mtu anautambua, kwa hiyo anadhani ameshaelewa. Kumbe kinachosemwa kiko nyuma ya uso: huyu ni nani, ukuta huu umesimama kwenye nchi ya nani, na nani aliyetoa ruhusa achorwe hapa. Asiyejua majibu ya maswali hayo matatu ameona rangi tu.

Habari hii inawahusu wasomaji wa Kiswahili kwa karibu kuliko wengi wanavyofikiri. Tangu mwaka 2005 Shepparton imepokea familia za wakimbizi kutoka Kongo kupitia mpango wa serikali wa kuwapeleka wakimbizi kwenye miji ya mikoani, na Kiswahili ni moja ya lugha zilizofika na watu hao. Kwa hiyo wako Waswahili wanaopita chini ya kuta hizi kila siku wakienda sokoni.

Wenye nchi

Tuanze na jina. "Waaborijini" ni neno la jumla, na Kiswahili hakina lingine lililozoeleka, ndiyo maana tunalitumia hapa. Lakini kabla ya Waingereza kufika mwaka 1788, bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250, kila moja na watu wake, mipaka yake na sheria zake. Kumwita mtu wa Shepparton Mwaborijini ni sawa na kumwita Mmakonde Mwafrika: kweli, ila hujamtaja bado. Nchi ya Shepparton ni ya Wayorta Yorta, watu wa mito miwili, Dungala ambao ramani huuita Murray, na Kaiela ambao ramani huuita Goulburn. Wabangerang nao wanahesabu eneo hilo kuwa lao. Kwa upana zaidi, Waaborijini wa kusini-mashariki mwa Australia hujiita Wakoori. Ukizungumza nao kwa Kiingereza, epuka neno Aborigine. Linanuka ukoloni na wengi huliona ni tusi. Taja jina la watu wao kama unalijua.

Wao wenyewe hutumia neno moja zito, Country kwa Kiingereza chao, kwa ardhi, maji, wanyama, hadithi na wazee waliozikwa humo, vyote kwa pamoja. Kiingereza kinahangaika kulieleza. Kiswahili kina neno tayari, "nchi", kwa maana yake ya zamani: ile ya wenye nchi, si ya pasipoti. Hata "mwenyeji" asili yake ni mwenye mji. Mtu anayeelewa kwa nini mgeni hupiga hodi na kungoja akaribishwe ana nusu ya somo mkononi, kwa sababu adabu za kutembelea michoro hii nyingi ni za hodi na karibu.

Wazee wenye heshima huitwa Anti na Anko, hata na watu wasio na undugu nao. Si anti wa saluni. Ni cheo kinachotolewa na jamii, na hakitegemei umri pekee. Jina likiandikwa ukutani na "Anti" mbele yake, uendapo kulitamka usiiache ile Anti.

Kilichoandikwa bila maandishi

Sasa turudi kwenye ukuta wa Shepparton, maana hapa ndipo penye mengi. Cooper na Nicholls wote wanatokana na Cummeragunja, kijiji kilichotengewa Waaborijini na serikali ng'ambo ya mto Murray, upande wa jimbo la New South Wales. Kilianza miaka ya 1880, watu walipohama misheni ya jirani iliyoitwa Maloga. Mwalimu wao, Thomas Shadrach James, alikuwa mtu wa Bahari ya Hindi kama sisi wa pwani: alizaliwa Mauritius katika familia yenye asili ya India. Kutoka darasa lake walitoka watu waliojua kuandika barua, kusimamisha hoja na kuhutubia, na wakaja kuwasumbua wakubwa wa serikali kwa nusu karne.

Cooper ndiye mkubwa wao. Uzeeni, akiishi Melbourne, alikusanya sahihi 1,814 za Waaborijini kwenye ombi la kupelekwa kwa Mfalme George wa Tano: watu wake wasiachwe waangamie, hali zao ziboreshwe, na wapate mbunge wa kuwasemea. Serikali ya Australia ililipokea ombi hilo, kisha ikakataa kulipeleka kwa Mfalme. Januari 26, 1938, taifa liliposherehekea miaka 150 ya kufika kwa Waingereza, Cooper na wenzake waliitangaza siku hiyo kuwa ya maombolezo na kufanya mkutano Sydney. Desemba 6 mwaka huohuo aliongoza ujumbe kwa miguu hadi ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini Melbourne kupinga mateso ya Wayahudi. Mlango haukufunguliwa. Fikiria jambo hilo: mzee wa karibu miaka themanini, asiye na haki kamili katika nchi yake mwenyewe, anakwenda kuwatetea watu wa mbali ambao hajawahi kuwaona.

Mwaka uliofuata, Februari 4, 1939, wakazi wanaokaribia 200 wa Cummeragunja waliacha nyumba zao na kuondoka. Walichoshwa na posho finyu, magonjwa na ubabe wa msimamizi wa serikali. Kuondoka bila ruhusa lilikuwa kosa, na Jack Patten, mwanaharakati mzaliwa wa hapohapo, alikamatwa kwa kuwachochea. Walivuka mto wakaingia jimbo la Victoria. Wengi walipiga kambi kwanza Barmah, na baadaye familia nyingi zikaishi kwenye mabonde ya mafuriko kati ya Mooroopna na Shepparton, katika vibanda vya mabati na magunia, zikichuma matunda kwa vibarua. Sasa unaelewa kwa nini nyuso hizi ziko Shepparton na si kwingine. Ukuta uko mahali walipofikia waliovuka.

Nicholls alizaliwa Cummeragunja mwaka 1906. Alikuwa mfupi, hakuzidi sentimita 160, lakini kwenye kandanda ya Kiaustralia aliichezea klabu ya Fitzroy miaka ya 1930 na mbio zake zilikuwa gumzo. Baadaye akawa mchungaji wa kanisa, mwaka 1972 akawa Mwaborijini wa kwanza kupewa cheo cha Sir, na mwishoni mwa 1976 gavana wa jimbo la South Australia. Mtu aliyewatazama wenzake kutoka chini maisha yake yote sasa anautazama mji kutoka juu.

Wanawake nao wana ukuta wao mjini humo: Margaret Tucker na Nora Charles. Tucker alichukuliwa kwa nguvu kutoka Moonahcullah, misheni ya Waaborijini huko New South Wales, mwaka 1917, akiwa na miaka 13, akapelekwa kwenye chuo cha Cootamundra ambako wasichana wa Kiaborijini walifundishwa utumishi wa nyumbani. Watoto waliochukuliwa hivyo huitwa vizazi vilivyoibwa, na bunge la taifa liliwaomba radhi rasmi Februari 13, 2008.

Kuna tabaka moja zaidi ambalo mgeni hawezi kuliona bila kuambiwa. Mwaka 1994 Wayorta Yorta walifungua kesi kudai haki ya asili juu ya ardhi na maji yao. Mwaka 1998 jaji alitoa hukumu kwamba wimbi la historia lilikwisha kufuta uhusiano wao na desturi za mababu, na Desemba 2002 Mahakama Kuu ya Australia ikaitupa rufaa yao. Kwa sheria, basi, kamba ilikatika. Kisha miaka kumi na mitano baadaye mji huohuo unachora nyuso zao kwenye kuta zake. Wapo wanaoona hayo ni maridhiano, na wapo wanaosema rangi ni rahisi kuliko ardhi. Kwa maoni yetu wote wana hoja, na mtazamaji mzuri husimama pale akiwa nazo zote mbili kichwani.

Usitafute nukta

Kosa la kawaida kuliko yote ni kutafuta nukta. Mtu ameona fulana na vikombe vya uwanja wa ndege, akaamini kwamba sanaa ya Kiaborijini ni nukta. Akifika Shepparton asizione, anadhani mchoro si halisi.

Mtindo wa nukta unaojulikana duniani ulitoka jangwani, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, na cha ajabu ni kwamba ulianzia ukutani. Mwaka 1971, kwenye makazi ya Papunya magharibi ya Alice Springs, wanaume wa huko walichora kwenye ukuta wa shule hadithi takatifu ya sisimizi wa asali, wakihimizwa na mwalimu Geoffrey Bardon. Kutoka hapo wakahamia kwenye mbao na turubai, na soko la sanaa likafuata. Inaelezwa kwamba nukta ziliongezeka kwa sababu wachoraji walihitaji kufunika alama za siri ambazo wasiotahiriwa, wanawake au wageni hawakupaswa kuziona. Ukuta wenyewe? Mwaka 1974 ulipakwa rangi juu yake katika matengenezo ya kawaida ya jengo. Hakuna aliyeuliza.

Kaskazini kabisa, Arnhem Land, alama ni mistari myembamba iliyopishana. Kusini-mashariki, kwa Wakoori, sanaa ya kale ilichongwa kwenye ngao, miti na ngozi za possum, mnyama mdogo wa mitini, zilizoshonwa kuwa mashuka: misharazi, almasi, mistari sambamba. Kwa hiyo mchoro wa Shepparton ukiwa na kobe wa shingo ndefu, mto na mistari ya almasi, huo ndio unaozungumza kienyeji. Ukiwa na nukta za jangwani, una haki ya kuuliza zimefikaje.

Nani alichora, nani aliruhusu

Hapa ndipo wengi hushtuka: Adnate si Mwaborijini. Je, mchoro wake ni sanaa ya Kiaborijini? Jibu lisilo na ubishi ni kwamba ni mchoro kuhusu Wayorta Yorta. Thamani yake inasimama juu ya ruhusa, wala si juu ya damu ya mchoraji.

Utaratibu unaokubalika una hatua zake. Kwanza mchoraji au halmashauri huenda kwa shirika linalowawakilisha wenye nchi, kabla ya kuchagua picha, si baada ya kuchora rasimu. Pili, kama ni uso wa mtu, familia yake huombwa. Na kama ameshafariki, hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa jamii nyingi huzuia jina au sura ya marehemu kutajwa na kuonyeshwa kwa muda, mpaka familia iamue. Ndiyo sababu televisheni na makumbusho za Australia huweka onyo mwanzoni. Tatu, rasimu hurudishwa kwa wazee waikague, na mara nyingi hapo ndipo mambo hubadilika: mnyama ametazama upande usio wake, alama ni ya ukoo mwingine, hadithi ni ya wanawake na haifai barabarani. Mradi unaoruka hatua hii ndio huishia kufutwa.

Mfano mzuri uko Sheep Hills, kijiji kidogo cha magharibi mwa Victoria karibu na Minyip, penye maghala marefu ya zege ya nafaka. Mwaka 2016 Adnate alichora juu yake wazee wawili na watoto wawili wa jamii za Wergaia na Wotjobaluk, na anga la usiku nyuma yao. Alifanya kazi hiyo pamoja na baraza la ardhi la Barengi Gadjin. Wazee na watoto wako pamoja kwenye zege hilo, na ujumbe wa nani anampa nani elimu hauhitaji maandishi. Ghala hilo ni moja ya yale ya mwanzo katika njia ya michoro ya maghala inayopita vijiji vya Brim, Rosebery, Lascelles, Patchewollock na Rupanyup, takriban kilomita 200 za barabara.

Mchoraji Mwaborijini naye hana uhuru wa kuchukua kila alama. Lin Onus, ambaye baba yake alitoka Cummeragunja, alitumia mistari iliyopishana ya Arnhem Land katika kazi zake kuanzia miaka ya 1980. Hakuichukua hivihivi. Alikwenda Maningrida, makazi ya hukohuko Arnhem Land, mzee Jack Wunuwun akamchukua kama mwanawe na kumruhusu kutumia baadhi ya michoro ya ukoo. Onus huyohuyo alikuwa mmoja wa waliochora ukuta mkubwa wa Wakoori kule Northcote, Melbourne, kati ya 1983 na 1985, pamoja na Megan Evans, Les Griggs, Ray Thomas na wengine. Mchoro ule haukubembeleza mtu: unaonyesha wanaume waliofungwa minyororo shingoni. Ule wa awali ulipochakaa, picha yake ilirekebishwa kwa kompyuta, ikachapishwa upya na mwaka 2013 ikawekwa kwenye ukuta wa Thornbury, St Georges Road, penye makao ya umoja wa Waaborijini ulioanzishwa mwaka 1957. Ukienda kuutafuta Northcote kwa kufuata kitabu cha zamani hutaupata.

Tarehe ni sehemu ya mchoro

Toka nje ya kituo cha treni cha Redfern, Sydney, utakuta ukuta wa mwaka 1983 uliosimamiwa na Carol Ruff, wenye maneno yanayotaja miaka 40,000 ya Waaborijini kuwepo Australia. Mgeni aliyesoma kidogo atasema wamekosea, kwani siku hizi inatajwa 60,000 au 65,000. Hawakukosea. Mwaka 1983, 40,000 ndiyo ilikuwa namba iliyotambuliwa na wanaakiolojia. Uchimbaji wa Madjedbebe, kaskazini, ndio ulioisogeza hadi karibu 65,000 katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, na hata hayo yana wanaoyabishia. Namba ya ukutani ni ya wakati wake, na mchoro ulipokarabatiwa iliachwa.

Redfern pia inatatiza lile swali la nchi ya nani. Ardhi ni ya Wagadigal. Lakini karne ya 20 Waaborijini walihamia hapo kutoka pande zote za jimbo, wengi wakifuata kazi kwenye karakana za reli za Eveleigh, na kliniki ya kwanza inayoendeshwa na Waaborijini wenyewe ikafunguliwa hapo mwaka 1971. Hivyo ukuta wa Redfern hauzungumzi kwa niaba ya ukoo mmoja; unazungumza kwa niaba ya mtaa. Mwaka 2013 Reko Rennie, Mkamilaroi aliyekulia Melbourne, aliifunika nyumba nzima ya kona ya mitaa ya Caroline na Hugo kwa rangi nyeusi, nyekundu na njano akishirikiana na vijana wa mtaani, na hakuna aliyeuliza kwa nini Mkamilaroi.

Rangi hizo tatu ni za bendera iliyobuniwa na Harold Thomas na kupandishwa kwa mara ya kwanza Adelaide, Julai 1971. Kwa miaka mingi hakimiliki ilikuwa yake binafsi, na leseni zilizotolewa kwa kampuni zilizua ugomvi hadi kwenye viwanja vya michezo. Januari 2022 serikali iliinunua hakimiliki kwa zaidi ya dola milioni 20 za Australia, na sasa yeyote anaweza kuichora bendera hiyo bila kulipa. Usidhani uhuru huo unahusu na michoro ya ukutani.

Picha kwenye simu yako

Sheria ya Hakimiliki ya Australia ya mwaka 1968, kifungu cha 65, inaruhusu kupiga picha sanamu na kazi za ufundi wa kisanaa zilizowekwa kwa kudumu mahali pa umma. Mchoro wa ukutani kisheria ni uchoraji, na uchoraji haumo kwenye kifungu hicho. Maana yake: kusimama barabarani hakukupi haki ya kuutumia mchoro kibiashara. Picha ya kumbukumbu ya familia haitamsumbua mtu. Kalenda, fulana, tangazo la duka, jalada la albamu au video ya kulipwa, hizo zinahitaji idhini ya mwenye hakimiliki, ambaye kwa kawaida ni msanii, si mwenye ukuta, isipokuwa kama msanii ameihamisha kwa maandishi. Haki hiyo hudumu maisha ya msanii na miaka 70 baada ya kifo chake. Hata ukiweka picha mtandaoni kwa nia njema, taja jina la msanii, jina la aliyechorwa na watu wa nchi hiyo. Sheria inampa msanii haki ya kutajwa, na adabu inawapa wengine.

Kwa upande wa mwanga, kumbuka kwamba Shepparton iko nyuzi 36 kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita kaskazini mwaka mzima. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aliyezoea jua la utosini hulisahau hili. Ukuta unaotazama kaskazini huungua saa sita mchana na rangi zake hupauka kwenye picha. Wa mashariki upige asubuhi, wa magharibi alasiri. Ukuta wa kusini hukaa kivulini saa nyingi za mchana, na ndio rahisi kuupiga, kwani mwanga wake ni laini na sawa. Rudi nyuma angalau mara mbili ya kimo cha ukuta ili uso usionekane kama unaanguka kwa nyuma. Adui mkubwa hata hivyo ni magari: kuta nyingi ziko kwenye maegesho, na siku za kazi kidevu cha mzee wa watu huishia nyuma ya paa la gari. Nenda Jumapili asubuhi na mapema.

Kwa nini mchoro hufa

Ukuta ukipauka au kubanduka, watu hulaumu uzembe. Mara nyingi sababu iko chini ya rangi. Kazi inayodumu huanza kwa kuosha ukuta kwa maji ya shinikizo, kuuacha ukauke kabisa, kuziba nyufa, kisha kupaka praima inayofaa zege au tofali. Mchoraji huchora ukutani miraba au michirizi ya ovyo, akaipiga picha na kuilinganisha na rasimu kwenye simu ili ajue jicho linakaa wapi, halafu hupanda kwenye kreni yenye kikapu na kujaza kwa akriliki ya nje na rangi za kupuliza. Mwisho huja koti la kinga.

Matatizo hutokea hivi. Unyevu ukipanda kutoka kwenye msingi, hubeba chumvi ambayo hujitokeza kama unga mweupe na kuisukuma rangi itoke. Koti lisilopitisha hewa likipakwa kwenye tofali lenye maji ndani, maji hayana pa kutokea, na rangi huvimba kama mkate wa kumimina. Koti likipakwa kabla rangi haijakauka, hugeuka ukungu wa maziwa. Jua nalo hula nyekundu na njano kali kabla ya kula nyeusi na rangi za udongo. Koti za kinga ni za aina mbili: ya nta, ambayo huoshwa pamoja na maandishi ya wahuni na kupakwa upya kila mara, na ya kudumu, ambayo ni ghali lakini maandishi yakioshwa yenyewe hubaki. Kuchagua kati yake ni suala la nani atalipia matengenezo miaka kumi ijayo, na mikataba mingi hukaa kimya hapohapo.

Safari yenyewe

Kutoka Melbourne, treni za Shepparton huanzia kituo cha Southern Cross na safari ni kati ya saa mbili na nusu na tatu. Tangu Machi 2023 nauli za mikoani katika Victoria zina kikomo cha siku sawa na za mjini, hivyo ni safari ya bei nafuu. Treni si nyingi, kwa hiyo panga ya kurudi kabla ya kutoka. Kwa gari, fuata barabara kuu ya Hume hadi karibu na Seymour, kisha Goulburn Valley.

Anzia kwenye jumba la sanaa la mji, SAM, jengo refu kando ya ziwa Victoria Park lililofunguliwa mwaka 2021. Humo mna ofisi ya wageni inayotoa ramani na pia Kaiela Arts, kituo cha wasanii wa Kiaborijini wa hapo. Uliza swali moja muhimu: ni kuta zipi zimefunikwa au kubadilishwa? Jengo jipya hujengwa mbele ya mchoro bila kumwonea mtu aibu. Michoro ya katikati ya mji unaweza kuizunguka kwa miguu ndani ya saa mbili. Mwezi wa Januari na Februari joto linaweza kupita nyuzi 40, basi beba maji na utoke mapema. Ukitaka matembezi yanayoongozwa na wenyeji, jaribu wiki ya NAIDOC, ya kusherehekea utamaduni wa wenyeji asilia, inayoanza Jumapili ya kwanza ya Julai. Januari 26, sikukuu ya taifa, kwa wengi wa watu hawa bado ni siku ya msiba kama alivyoiita Cooper, usiwapongeze.

Zawadi, nunua kwa wasanii wenyewe pale Kaiela Arts na uliza jina la aliyetengeneza. Duka lisiloweza kukutajia jina la msanii na watu wake huenda linakuuzia nakala.

Aliyebakiwa na nusu siku na gari aende Barmah, mwendo wa saa moja hivi kaskazini-magharibi, penye misitu ya mikaratusi mikubwa inayosimama ndani ya maji wakati wa mafuriko. Daraja la hapo linavuka Murray. Ng'ambo, karibu na mto, ndiko Cummeragunja, ambako bado kunaishi watu na ardhi ni mali ya Waaborijini. Si kivutio cha watalii na hakuna anayekaa getini kupokea wageni. Kama hujaalikwa, ishia darajani, tazama maji, na uone upana wa mto walioupita Februari ile wakiwa na mizigo na watoto.